Kauri, Simbi na Kete: Asili ya Majina ya Konokono Mdogo wa Pwani

Ganze haina bahari. Hata hivyo, sisi tuliozaliwa huko tulilijua gamba la konokono wa baharini kabla hatujafika Kilifi mjini. Lilikuwa dogo, jeupe, lenye mgongo laini na mdomo wa meno upande wa chini. Hawe, yaani bibi yetu, alikuwa na machache katika kibuyu, nasi watoto tulikatazwa kuyachezea. Mnyama aliyeishi ndani yake hatukupata kumwona, wala hakuna aliyetueleza kwamba gamba lile liliwahi kuwa na mwenyewe.

Jambo hilo ndilo kiini cha makala haya. Majina ya konokono huyu karibu yote si majina ya mnyama, bali ya gamba lililokwisha safishwa, likasafirishwa na kutiwa kazini. Anayetafuta asili ya majina hayo hana budi kulifuata gamba lenyewe, na safari yake ni ndefu.

Tuanze na *kauri*, maana ndilo jina linaloleta mashaka. Miaka michache iliyopita tuliwapeleka wanafunzi wetu Gede, karibu na Malindi, tukawapa zoezi la kutafsiri majina ya nyumba za magofu. James Kirkman, aliyeanza kuchimba hapo mwaka 1948, aliziita baadhi ya nyumba hizo kwa vitu vilivyopatikana ndani yake. Mojawapo ina jina la magamba haya. Nyingine ina jina la bakuli la udongo mweupe wa Kichina. Wanafunzi wengi waliandika "Nyumba ya Kauri" kwa ile ya kwanza, na "Nyumba ya Bakuli la Kauri" kwa ile ya pili. Hawakukosea kwa mujibu wa kamusi, kwani kauri ni gamba na kauri ni chombo cha Kichina pia. Lakini mgeni asomaye majina hayo atajuaje? Nyumba ya kwanza yaweza kudhaniwa kuwa na sahani, na bakuli la nyumba ya pili kuwa limejaa magamba.

Kwa nini neno moja likabeba maana mbili? Waitalia walifanya vivyo hivyo. Gamba hili waliliita *porcellana*, kutokana na neno la nguruwe mdogo, na katika kitabu cha safari za Marco Polo, cha mwisho wa karne ya 13, neno hilo limetumika kwa gamba na kwa vyombo vya China. Hatuoni sababu ya kudhani kwamba Waswahili waliwaiga Waitalia. Mtu wa Malindi aliyeona sahani za Kichina zikijengewa katika makaburi ya nguzo na kuta za misikiti hakuhitaji mwalimu. Ugumu ule, weupe ule na mng'ao ule alikwisha kuuona ufukweni. Akakipa kitu kigeni jina la kitu alichokizoea.

Wapo wasemao kwamba *kauri* tumelipata kwa Waingereza. Tulipokuwa masomoni ng'ambo tuliisikia hoja hii mara nyingi, tena kwa sauti ya kukata shauri. Haina nguvu. Waingereza wenyewe walilichukua neno hili katika karne ya 17 kwa Wahindi wasemao *kauri*, na asili yake ni Kisanskriti, *kaparda*. Pwani yetu ilifanya biashara na Bara Hindi karne nyingi kabla ya Mwingereza kutia nanga Mombasa. Kufanana kwa neno la Kiswahili na la Kiingereza ni kufanana kwa watoto wawili wa mama mmoja.

*Simbi* ni habari nyingine. Huko huko masomoni, mwenzetu kutoka Uganda alituomba tumkopeshe *ensimbi*, nasi tukadhani anatafuta magamba. Alitaka fedha. Kwa Kiganda neno hilo lilikuwa la gamba hili, na sasa ni la fedha ya kila namna. Mwanafunzi wa lugha atatambua uhusiano mara moja: Kiswahili hakivumilii *n* mbele ya *s* mwanzoni mwa nomino za namna hii, kama tunavyosema *senene* pale Waganda wasemapo *ensenene*. Gamba lilitoka pwani. Ni haki kudhani kwamba jina lilifuatana nalo katika njia za misafara. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 uliweka kodi ya rupia 3 kwa nyumba, na mwanzoni mwa karne ya 20 magamba yakaondolewa katika malipo. Fedha ya gamba ikafa, jina likabaki likirithiwa na rupia, kisha na shilingi.

Pwani yenyewe haikuona gamba hili kuwa fedha kwa kiasi kile. Ufukweni palipo tele, nani angekubali kulipwa kwalo? Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alieleza baadaye kwamba huko Maldivi magamba 400,000 yalibadilishwa kwa dinari moja ya dhahabu, ilhali Mali na Gao aliyaona yakiuzwa 1,150 kwa dinari. Tofauti hiyo ndiyo iliyowaleta wafanyabiashara wa Hamburg katika karne ya 19. Kampuni ya Hertz, na baadaye O'Swald, zilinunua magamba ya Unguja na pwani yake kwa bei ndogo na kuyapeleka Afrika Magharibi, kwa wingi uliosaidia kuiangusha thamani ya fedha hiyo huko. Konokono walirundikwa ufukweni hadi nyama ikaoza. Uvundo ulibaki kwetu.

Wanasayansi nao hawakumtazama mnyama. Linnaeus, mwaka 1758, aliwapa majina ndugu wawili: mmoja *moneta*, kutokana na hekalu la Juno Moneta mjini Roma ambako sarafu zilipigwa, wa pili *annulus*, yaani pete, kwa mviringo wa rangi ya dhahabu mgongoni. Huyo wa pete ndiye aliyejaa zaidi katika pwani yetu, na leo wote wawili wamo katika jenasi *Monetaria*. Kwa hiyo hata konokono wa pete amepewa ukoo wa sarafu.

Tukirudi Gede, mwanafunzi mmoja aliandika "Nyumba ya Kete". Kete ni jina zuri na la kale, la magamba madogo na la vihesabio vya mchezo. Darasa zima lilicheka, kwani magazeti yamewazoesha kwamba kete ni kipakiti cha dawa za kulevya, na Malindi imeumia mno kwa kete hizo. Neno hilo halifai kibao cha magofu kwa sasa. Sisi tunapendekeza "Nyumba ya Simbi" kwa ile ya kwanza, na "Nyumba ya Bakuli la Kauri" ibaki kwa ile ya pili, ili kila kitu kiwe na jina lake.