Jipu Linalorudi

Jipu la kwanza lilinitoka pajani nikiwa mwaka wa pili chuoni, kabla sijaacha masomo. Kufikia la nne nilikuwa nishaizoea njia ya duka la dawa: "Nipe rangi mbili za mia." Nameza siku tatu, uvimbe unashuka, nakunja pakiti naweka. Mwezi ukiisha, hilo hapo tena.

Ndiyo maana kisa cha Albert Alexander kilinikaa. Alikuwa polisi Uingereza, umri miaka 43. Bakteria, stafilokokasi wakiwemo, walikuwa wamemla uso mpaka akatolewa jicho. Tarehe 12 Februari 1941, katika hospitali ya Radcliffe Infirmary mjini Oxford, alidungwa penisilini, dawa ambayo Fleming aliigundua 1928 lakini ikangoja kina Florey, Chain na Heatley kuisafisha itumike kwa mgonjwa. Homa ikashuka. Akaanza kula. Shida ni kwamba dawa ilikuwa kidogo mno, hata mkojo wake ukawa unakusanywa na kupelekwa maabara kwa baiskeli, penisilini itolewe humo adungwe tena. (Na mimi nilikuwa na vidonge kumi vimelala kwa droo.) Baada ya siku tano ikaisha kabisa. Ugonjwa ukarudi, na tarehe 15 Machi akafa.

Vita vilipoisha penisilini ikajaa, na shida ikageuka sura. Mary Barber, aliyekuwa akipima stafilokokasi za wagonjwa katika hospitali ya Hammersmith, London, alikuta kufikia 1948 zaidi ya nusu hazisikii penisilini. Zilitoa kimeng'enya cha kuivunjavunja. Methisilini ikaletwa kuziba pengo. Mwaka 1961 Patricia Jevons akaripoti zilizoishinda hiyo nayo.

Nilidhani zangu ni za ukoo huo sugu. Kumbe. Daktari aliyenipasua jipu la sita alisema karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba stafilokokasi puani bila kuumwa chochote. Unagusa pua, unajikuna, unanyoa, umeshaipanda kwa ngozi. Vidonge vyangu vya siku tatu havikuwa vinaifukuza huko. Alikamua usaha, kisha akanipa mupirosini ya kupaka ndani ya pua mara mbili kwa siku, siku tano.

Siku ya tatu nilitaka kuacha, maana siumwi popote. Nikapaka mpaka ya tano.