Tarehe ya Majumba ya Sinema ya Unguja

Atakaye kujua nani aliyeushika mji wa Unguja katika karne iliyopita hana haja ya kuhangaika na mikataba. Na ayatazame majina ya majumba yake ya sinema, Royal, Empire, Majestic na Sultana, yote yakinukia taji na kiti cha enzi, kisha aione Sultana, baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, ikivuliwa jina lake na kuvikwa la Cine Afrique. La ajabu ni kwamba Majestic na Empire ziliachiwa majina yao ya kifalme katika mji uliokwisha kumfukuza mfalme, na mimi sijapata kumsikia mtu akilistaajabia hilo.

Asili ya biashara hii ni Hassanali Adamji Jariwalla, mfanyabiashara wa Kihindi aliyewazoeza watu wa mji picha zisizokuwa na sauti kabla ya kujenga jumba la fahari. Mwaka 1921 alifungua Royal pale Vuga, na aliyeichora ramani yake si mwingine ila J. H. Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyekuja kuwa Balozi wa Serikali yake hapa, na ambaye vilevile ndiye mchoraji wa Beit el Amani ya Mnazi Mmoja. Jumba hilo, lililobadilishwa jina likaitwa Majestic, liliteketea kwa moto katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 likasimama jingine mahali pale pale kwa ramani ya Dayalji Pitamber Sachania, ambaye hakuyafuata matao ya Sinclair, bali alileta mistari ya usasa iliyokuwa ikipendwa Bombay na Nairobi. Empire ilikuwa karibu na soko la Darajani, na Sultana upande wa Malindi, kiasi kwamba mtu aliyekosa tikiti huku aliweza kukimbilia kule kabla taa hazijazimwa.

Na siku ya kukosa tikiti ilikuwa Jumapili. Ilipokuja picha ya Kihindi yenye sifa, mathalani Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951, walanguzi walizinunua tikiti mapema wakaziuza kwa bei waliyoitaka, ilhali mabibi waliovaa buibui zao walikuwa na maonyesho yao wenyewe, wasiyoingia wanaume, na aghalabu aliyetoka humo alikwenda kumhadithia jirani kisa chote, nyimbo na machozi yake, hata asiyeingia akajiona kama kaingia. Kwa kuwa nakala ya filamu ilikuwa moja na majumba mawili yaliitaka usiku ule ule, vijana wa baiskeli walikuwa wakiikimbiza mikebe yake kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na pancha moja tu njiani ilitosha kuutia ukumbi mzima katika miluzi na matusi.

Baada ya Mapinduzi majumba yalitoka mikononi mwa wenyewe yakawa milki ya Serikali, na hatimaye yakafa. Kuna wasemao kuwa yaliyoyaua ni televisheni, ambayo Zanzibar iliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 kabla ya Bara, na kisha kanda za video zilizoingia kwa wingi biashara ilipofunguliwa katika miaka ya 1980. Sikatai kuwa zilichangia. Lakini nionavyo mimi, jumba la sinema ni kama jahazi, hutaka nahodha anayeona haya chombo chake kikivuja, na haya hiyo haiandikwi katika hati ya kukabidhiana. Beit el Ajaib, lile jumba kuu la Forodhani, nayo ilikuwa milki ya umma, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake mmoja ukaporomoka mchana kweupe.

Mambo hayo hayakuwa ya Unguja peke yake. Uwanja wa Msasani, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 1966 ili watu watazame picha wakiwa ndani ya magari yao, leo umesimama juu yake ubalozi wa Marekani.

Huku kwetu Empire na Cine Afrique zimegeuka mahali pa maduka, na tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la nchi za jahazi, linalojulikana kwa jina la ZIFF, limekuwa likitandaza kitambaa chake Ngome Kongwe, chini ya nyota, katika mji uliokuwa na majumba ya kazi hiyo hiyo. Majestic haijakwisha: Jumuiya ya Hifadhi Zanzibar imejitwika kazi ya kuifufua. Nami nawaomba jamaa wa Mji Mkongwe, na auladi zao walioko Maskati, London na kwingineko, kwamba yeyote aliyebakiwa na kishina cha tikiti, tangazo la picha au daftari la hesabu la majumba hayo, asilitie takani, bali alifikishe Nyaraka za Taifa, pale Kilimani.