Piet Mondrian: Mchoraji wa mistari aliyeanza kwa kuchora nyuso za watu

Jina la Piet Mondrian linapotajwa, wafuatiliaji wa sanaa hukumbuka kitu kimoja: mistari myeusi iliyonyooka, na kati ya mistari hiyo vipande vya rangi nyekundu, buluu na njano juu ya weupe. Hakuna mtu ndani yake, hakuna mti, hakuna nyumba. Watu wengi wakiziona picha hizo kwa mara ya kwanza huuliza: huyu alijua kuchora kweli, au alikimbilia mistari kwa sababu mkono ulimshinda?

Jibu limo katika picha alizochora kabla hajafika huko. Kwa karibu miaka 20 Mondrian alichora watu: wateja waliomlipa, wanakijiji, wanawake, na uso wake mwenyewe. Picha hizo hazijulikani sana, lakini ndizo zinazoonyesha njia aliyopita.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Sanaa dhahania ni ile ambayo picha haimwonyeshi mtu wala kitu unachoweza kukitambua. Rangi, mistari na mpangilio wake ndiyo picha. Aliyewahi kuangalia mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi anajua kwamba jicho linaweza kufurahia mpangilio bila kutafuta ng'ombe wala mnazi ndani yake. Ila Mondrian alidai zaidi ya uzuri. Aliamini kwamba mistari na rangi tupu zinasema ukweli kuhusu dunia ambao picha ya uso wa mtu haiwezi kuusema. Mtu haamki siku moja akaamini hivyo.

Mtoto wa mwalimu mkuu

Alizaliwa tarehe 7 Machi 1872 mjini Amersfoort, Uholanzi, akapewa jina lilelile la baba yake: Pieter Cornelis Mondriaan, wakati huo likiandikwa kwa "a" mbili. Baba alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Kiprotestanti, naye pia alijua kuchora. Mwaka 1880 familia ilihamia Winterswijk, mji mdogo upande wa mashariki karibu na mpaka wa Ujerumani. Baba mdogo wake, Frits, alikuwa mchoraji wa mandhari, na alikuwa akimchukua kijana huyo kwenda kuchora nje, mashambani na kando ya mito.

Baba alitaka kazi ya uhakika kwanza. Kwa hiyo kijana akapata cheti cha kufundisha uchoraji shule za msingi mwaka 1889, kisha cha shule za sekondari mwaka 1892. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 20, aliingia chuo cha sanaa cha taifa mjini Amsterdam, Rijksakademie.

Katika vyuo vya aina hiyo, mwili wa binadamu ndio uliokuwa mtihani mkubwa. Mwanafunzi alianza kwa kunakili sanamu za plasta, na baadaye akachora mtu halisi aliyesimama mbele ya darasa. Aliyeshindwa hapo hakuhesabiwa kuwa mchoraji kamili. Mondrian alijaribu mara mbili, mwaka 1898 na 1901, kuwania tuzo kubwa ya wasanii vijana iliyoitwa Prix de Rome. Mara zote mbili alikosa, na udhaifu walioutaja waamuzi ulikuwa katika kuchora mwili wa mtu.

Kwa hiyo wanaouliza kama alijua kuchora hawakosei kuuliza. Lakini wasiishie hapo, kwa sababu kijana huyu aliyeambiwa hawezi kuchora watu aliendelea kula kwa kuchora watu.

Picha za kutafutia mkate

Katika miaka hiyo aliishi kwa kuungaunga. Alifundisha watoto kuchora, alinakili picha za kale kwenye majumba ya makumbusho kwa ajili ya wanunuzi, na hata alichora bakteria kwa ajili ya profesa mmoja wa Leiden. Pamoja na hayo alipokea kazi za kuchora sura za watu kwa malipo.

Picha hizo za kuagizwa zimechorwa kwa uangalifu. Rangi zake ni za kahawia na kijani iliyokolea, nyuma ya mtu kuna giza, na uso umewekwa kwenye mwanga. Mteja aliyelipa alitaka kujiona alivyo, na Mondrian alimpa alichotaka. Tuseme wazi: ni kazi safi, lakini wachoraji wengi wa Uholanzi wa wakati ule wangeweza kuifanya. Kama angeishia hapo, leo tusingekuwa na habari zake.

Picha ya uso wake mwenyewe aliyoichora karibu mwaka 1900 ina kitu zaidi. Leo iko katika makumbusho ya Phillips Collection mjini Washington, Marekani. Hapo hakuna mteja wa kuridhisha. Kijana mwenye ndevu na macho meusi anakutazama kutoka gizani, na mambo mengine yote ameyaacha yafifie. Macho ndiyo aliyoyajali. Miaka minane hivi baadaye alijichora tena kwa mkaa, safari hii kwa karibu sana, macho makubwa yakiwa yameutawala uso mzima.

Rangi inaacha kufuata ngozi

Mwaka 1908 mambo yalibadilika haraka. Mondrian alianza kwenda Domburg, kijiji cha pwani katika jimbo la Zeeland, ambako mchoraji mzee kidogo kwake, Jan Toorop, alikuwa akikutana na wasanii wengine. Mwanga wa bahari ulikuwa mkali, na wachoraji hao walipaka rangi safi bila kuzichanganya, kwa madoa na michirizi. Mondrian alichora wakulima wa Zeeland kwa namna hiyo.

Mwaka huohuo alichora picha iitwayo "Ibada". Ni msichana anayeonekana kwa upande, kichwa kimeinuka, akilitazama ua. Nywele na hewa inayomzunguka vimejaa wekundu. Hakuna msichana mwenye rangi hiyo, na Mondrian alijua. Katika barua aliyomwandikia mwandishi Israel Querido mwaka 1909, alieleza kwamba hakukusudia kuonyesha msichana anayesali. Alitaka kuonyesha ibada yenyewe, na wekundu ule ulikuwa wa kumfanya mtazamaji asishikilie mno mwili wa msichana.

Hapo ndipo penye fundo la habari hii. Mchoraji wa sura za watu ameanza kuuona mwili kama kitu kinachoziba njia.

Si kila mtu alipendezwa. Januari 1909 alionyesha kazi zake pamoja na wenzake wawili, Jan Sluijters na Cornelis Spoor, katika makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam. Frederik van Eeden, mwandishi aliyekuwa pia daktari wa magonjwa ya akili, aliziandika picha hizo kama dalili za afya iliyoharibika.

Wanawake watatu

Mwaka 1909 Mondrian alijiunga na chama cha Teosofia, watu walioamini kwamba vitu tunavyoviona ni pazia tu na kwamba roho ya mwanadamu hupanda hatua kwa hatua. Imani hiyo aliichora waziwazi katika "Mageuzi", kazi ya mwaka 1910 hadi 1911. Ni picha tatu ndefu zinazokaa pamoja. Katika kila moja kuna mwanamke mtupu aliyesimama wima, na karibu yote ni buluu. Wa kushoto amefumba macho, na maua mekundu yako mabegani pake. Wa kulia ana nyota za njano. Wa katikati, aliyeinuliwa juu kidogo kuliko wenzake, amefumbua macho, na nyuma yake kuna mwanga mweupe.

Wengi huiona kazi hii kuwa ngumu na baridi, nami sitawabishia. Wanawake wale wamekakamaa kama nguzo. Lakini tazama alivyohangaika: mwili haukutosha kusema alichotaka, ikabidi auongezee pembetatu na nyota ili zisaidie kusema. Hatua iliyobaki ilikuwa kuuondoa mwili na kuacha maumbo.

Mwishoni mwa 1911 "Mageuzi" ilionyeshwa Amsterdam kwenye maonyesho yaliyokuwa pia na kazi za Picasso na Braque, ambao walikuwa wakizivunja sura za watu na vitu kuwa vipande vya pembe nyingi. Kabla ya mwaka kwisha Mondrian alikuwa amekwisha kuhamia Paris, na jina lake akaanza kuliandika kwa "a" moja. Katika picha za watu alizochora huko, kama ile ya bibi mmoja ya mwaka 1912, uso bado unaonekana, lakini umekatwakatwa kwa mistari. Mwaka uliofuata ni vigumu kuutafuta.

Alirudi Uholanzi mwaka 1914 kumtazama baba yake aliyekuwa mgonjwa, na vita vikuu vikamzuia huko hadi 1919. Katika miaka hiyo rafiki yake Salomon Slijper alinunua kazi zake nyingi za zamani, wakati wengine hawakuzitaka. Ni kwa ajili ya Slijper kwamba Mondrian alijichora tena mwaka 1918: uso na koti vinatambulika kabisa, na nyuma yake imetundikwa picha ya miraba ya rangi. Mkono wake, basi, ulikuwa bado unaweza.

Mondrian alifariki New York tarehe 1 Februari 1944. Slijper aliacha mkusanyiko wake kwa makumbusho ya mjini The Hague, ambayo leo yanaitwa Kunstmuseum. "Ibada" na "Mageuzi" ziko huko, na pia picha ya mwisho ya Mondrian, "Victory Boogie Woogie", aliyoiacha haijakamilika na ambayo ilinunuliwa mwaka 1998 kwa gilda milioni 80.