Meza Isiyokunjwa

Nyumba za Jericho zilijengwa na baraza la jiji kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, wakati ukoloni ulikuwa ukielekea ukingoni. Sehemu moja inaitwa Ofafa Jericho, kwa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka wa 1953 wakati wa hali ya hatari. Ukiingia ndani unaelewa waliozipanga walimfikiria nani: mtu anayetoka Industrial Area jioni, anakula, analala, kesho anarudi. Mtu wa kufanyia kazi mle mle ndani hakuwa kwenye hesabu.

Leo wapo wengi, na anayebanwa zaidi ni msanii wa animesheni. Wasee hudhani shida yake ni kompyuta. Kompyuta ni muhimu, sikatai. Lakini sekunde moja ya filamu ni picha 24. Hata ukichora moja ihesabiwe mara mbili, dakika moja inakula michoro 720. Kazi kama hiyo lazima ilale mezani. Sasa meza yenyewe ni ya chakula, ya kupiga pasi, ya homuweki, na usiku inasukumwa ukutani ili godoro litandikwe. Kila asubuhi unaanza kwa kutafuta jana uliachia wapi. Hamu huishia hapo.

Tukisimulia historia ya animesheni ya Kenya tunapenda kutaja Tinga Tinga Tales, kipindi kilichotengenezwa hapa Nairobi na Homeboyz, kikaanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2010. Ni haki yetu kujivunia. Ila mtindo ule ulizaliwa nyumbani. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka wa 1968, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Hadibodi unaiegemeza popote, ikikauka unaibeba ukauze. Hakungoja studio.

Mjerumani Lotte Reiniger naye, kati ya 1923 na 1926, alitengeneza filamu nzima ya vivuli vya karatasi juu ya gereji huko Potsdam. Paa lilikuwa chini mno, kwa hivyo kioo cha kupigia picha kiliwekwa karibu na sakafu, taa zikawaka chini yake, naye akapiga magoti juu ya kiti cha gari kuukuu. Mimi hicho kiti ndicho kinanigusa kuliko filamu. Mtu aliketi akafikiria magoti yake kwanza, sanaa baadaye.

Binamu yangu hapa Jericho alikaa miezi minane bila kuchora. Nyumbani walimwita mvivu. Yeye mwenyewe alishaanza kuamini. Kilichomrudisha ni ubao aliougongomea chini ya dirisha, upana wa mkono mmoja, ambao haukunjwi wala hausukumwi. Akautoboa mraba katikati, akaweka kioo cha dirisha, chini yake bulbu ya LED ambayo haimalizi tokeni za stima. Kwenye ukingo, bolti mbili zimesimama. Karatasi zinatobolewa na mashine ya kutoboa faili, zinavaa bolti, hakuna mchoro unaoteleza. Ujanja huo wa vishikizo ulianza na Raoul Barré, New York, karibu mwaka wa 1914, na mpaka leo haujapatikana wa bei rahisi zaidi. Simu inaning'inia juu kwa mkono wa chuma uliochomelewa na fundi wa jua kali.

Wiki ya kwanza alichora sekunde nne. Mama akivuka Jogoo Road, kiondoo mkononi, basi. Lakini asubuhi mguu wake ulikuwa palepale ulipoachwa hewani, ukingoja mchoro unaofuata, na kijana hata chai hakunywa kabla ya kuketi.

Vita vilivyobaki ni na shangazi, ambaye kila jioni anauona ule ubao ni mahali pazuri pa kuweka thamosi. Wameelewana: thamosi upande wa kushoto, mbali na bolti.