Mfamasia katika Wodi ya Watoto Wenye Lukemia

Hadi katikati ya miaka ya 1940, lukemia kali ya utotoni haikuwa na dawa. Mwaka 1948 Sidney Farber wa Boston alitangaza kwamba watoto 10 kati ya 16 waliopewa aminopterini walipata nafuu, japo ya muda tu. Merkaptopurini ilifuata mwaka 1953, vinkristini mwaka 1963. Zama hizo mfamasia alikaa dirishani: anasoma cheti, anahesabu vidonge, anakabidhi. Sindano zilichanganywa na wauguzi wodini, na hatari yake ilikuja kuonekana mwaka 1979, watafiti wa Finland walipokuta dalili za dawa hizo katika mkojo wa wauguzi. Kazi hiyo ikahamishiwa famasia.

Ukali wa dawa ulichangia kumtoa mfamasia dirishani. Katika hospitali ya St. Jude, Memphis, Donald Pinkel aliunganisha dawa kadhaa katika mpango mmoja, na mwishoni mwa miaka ya 1960 karibu nusu ya watoto walianza kupona. Tayari mwaka 1966 wafamasia wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikuwa wameanza kufanya kazi wodini pamoja na madaktari.

Huko St. Jude, William Evans, mfamasia aliyekuja kuiongoza hospitali hiyo, hakuridhika na dozi inayokisiwa kwa ukubwa wa mwili peke yake. Yeye na wenzake walipima dawa ndani ya damu. Mwaka 1998 walionyesha kwamba, kwa lukemia ya seli B, watoto 76 katika kila 100 waliorekebishiwa dozi mmoja mmoja walifika miaka 5 bila ugonjwa kurudi. Kwa dozi ya kawaida walikuwa 66. Merkaptopurini ina mtego wake: mtu 1 kati ya 300 hivi hana kimeng'enya cha kuivunja, na dozi ya kawaida humharibia uboho. Mtoto wa namna hiyo hupewa takriban sehemu ya kumi tu, hivyo kidonge cha miligramu 50 hukatwa vipande na kugawiwa kwa siku chache za wiki.

Kosa linaloogopwa kuliko yote ni la vinkristini. Metotreksati, dawa nyingine ya lukemia, huweza kuchomwa kwenye majimaji ya uti wa mgongo. Vinkristini ni ya mshipani tu, na ikiingia mgongoni karibu kila mara huua. Mabomba mawili ya sindano yakilala kwenye sinia moja, ni rahisi kuyachanganya. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilihimiza vinkristini itayarishwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, ambao hakuna atakayeudhania kuwa sindano ya mgongo.