Kamituga, mji wa mama wa kutwanga

Minervali yangu ya sekondari hapa Nyantende ilitoka Kamituga, kule Mwenga. Mama mdogo ndiye alikuwa anatuma. Basi historia ya ule mji, mimi naanzia kwake.

Wabeljiki walifika miaka ya 1920 kutafuta zahabu, na kampuni yao ikaitwa MGL. Mwaka 1976 makampuni ya madini ya Kivu yakaunganishwa, ikazaliwa SOMINKI. Mwaka 1982 Mobutu akaruhusu raia wachimbe wenyewe. Vita ya 1996 ilipokuja, mashine zikanyamaza kabisa; vijana wakaingia kwa mashimo ya zamani na nyundo na tochi.

Sasa, jiwe likitoka shimoni zahabu haionekani. Lazima lipondwe, litwangwe ndani ya kinu cha chuma mpaka liwe unga, ndipo lioshwe kwa maji. Hiyo kazi ni ya wanawake. Kamituga wanawaita mamans twangaises: neno letu kutwanga, likavalishwa mkia wa Kifaransa! Mama mdogo alitwanga miaka na miaka, kitambaa mdomoni kwa sababu ya vumbi, na bado alikohoa. Siku nyingine hakupewa pesa, alipewa unga uliokwisha kuoshwa, aoshe tena mwenyewe aone kama kuna kitu kimebaki. Masomo yangu yalilipwa na hayo mabaki.

Septemba 2020 mvua kubwa ilibomoa mashimo, watu karibu 50 wakafa. Simu yake haikupita mpaka usiku. Alikuwa mzima. Lile shimo ndilo lilikuwa linampa mawe.