Mamlaka, Manufaa na Haki: Uteuzi wa Istilahi ya Kenri katika Japani ya Meiji

Sehemu hii inachunguza namna wafasiri wa Japani walivyoteua kisawe cha neno la Kiingereza right katika miaka ya 1860 na 1870. Neno hilo huashiria lililo sahihi na la uadilifu, na pia stahili ambayo mtu anaweza kuidai. Msomaji wa Kiswahili huenda asiione tofauti hiyo upesi, kwa kuwa neno haki, lenye asili ya Kiarabu, hukusanya maana zote mbili: mtu hutenda haki na hudai haki. Wajapani hawakuwa na neno la namna hiyo. Hoja ya sehemu hii ni kwamba kisawe kilichoshinda kilihifadhi dai na kuudhoofisha uadilifu.

Chimbuko la kisawe hicho ni Uchina. Mwaka 1864 mmisionari Mmarekani, W. A. P. Martin, alichapisha mjini Beijing tafsiri ya Kichina ya kitabu cha Henry Wheaton kuhusu sheria ya kimataifa. Humo right iliandikwa kwa herufi mbili: moja ya mamlaka, nyingine ya manufaa. Kitabu kilichapishwa upya Japani mwaka uliofuata, na herufi hizo zikasomwa kenri.

Fukuzawa Yukichi alifuata njia nyingine. Katika mfululizo wa pili wa Seiyō Jijō (1870), alieleza kwamba asili ya right ni unyoofu, akazichambua maana zake, kisha akatumia tsūgi, yaani kanuni ya uadilifu inayowahusu wote. Katika Gakumon no Susume (1872–1876) aliandika kenri, lakini mahali pa herufi ya manufaa aliweka ile ya mantiki. Matamshi hayakubadilika, msingi wa haki ulibadilika.

Chaguo la Fukuzawa halikudumu. Mitsukuri Rinshō, aliyefasiri sheria za Ufaransa kwa ajili ya serikali, alitumia kenri. Alipoandika minken, yaani mamlaka ya watu, wenzake walihoji: watu wa kawaida wawezaje kuwa na mamlaka? Swali hilo laonyesha kwamba walisikia nguvu, hawakusikia uadilifu.

Hata hivyo, hasara hiyo ilikuwa na faida yake. Minken lilikuja kuwa sehemu ya jina la vuguvugu lililodai bunge la kuchaguliwa kuanzia mwaka 1874. Lakini haki inayoeleweka kama mamlaka yaweza kupimwa na mwenye mamlaka makubwa zaidi. Katiba ya mwaka 1889 iliwapa raia wa Mfalme kenri ndani ya mipaka ya sheria. Haitakuwa sahihi kudai kwamba neno pekee lilizaa mipaka hiyo. Linalodhihirika ni kwamba neno hilo halikuwapa wapinzani wake hoja ya kimaadili ambayo tsūgi lingewapa.